Uso wa Kinyozi Mbele ya Taa ya Buluu

Mwandiko wangu ni mbaya na tahajia yangu ni mbaya zaidi, kwa hivyo naomba mnistahimilie tangu hapa mwanzo. Niliishia darasa la nane, na kutoka hapo kitu pekee nilichowahi kuandika ni ubao wa bei pale dukani, na hata huo ami aliufuta akauandika upya. Haya nimeyaandika kidogo kidogo, wakati hakuna mteja, nikifuta na kurudia. Aliyenituma ni Sista Kadzo, muuguzi anayewasha taa katika kliniki ya ngozi ninakotibiwa. Aliniambia, "Baka, wewe kusema huwezi, pengine kuandika waweza. Waandikie hawa wanaokuja kukaa pale kwenye benchi wameinamisha vichwa kama ulivyokuwa wewe." Basi kama umekaa kwenye benchi hilo sasa hivi na umeinama, nakuandikia wewe.

Mimi ni kinyozi. Nafanya kazi Kisauni katika duka la ami Twalibu, ndugu mdogo wa marehemu baba. Babu alikuwa kinyozi, baba alikuwa kinyozi, na kwetu Junda watoto wote wa ukoo hunyolewa nywele za tumboni na mkono wa nyumbani, siku ya arobaini, mama mzazi anapotoka nje na mtoto akaonyeshwa watu. Tangu baba atangulie mbele ya haki, zamu hiyo ni yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniuma kuliko chunusi zenyewe.

Chunusi zilianza kwenye paji la uso, ndogo ndogo, nami nikadhani zitapita kama zilivyopita za wenzangu. Za wenzangu zikapita. Zangu zikateremka mashavuni, zikafika taya, zikazunguka shingo. Zikawa mafundo chini ya ngozi kama mbaazi, mengine yanapwita hata nikiwa nimelala. Asubuhi shavu langu lilikuwa limegandamana na foronya, nikilibandua taratibu kama plasta. Mama ndiye aliyekuwa akifua zile foronya zenye damu. Siku moja nikakuta foronya zangu nyeupe zote zimeondolewa, nimewekewa za hudhurungi iliyoiva. Nilikaa kitandani nikalia, si kwa ajili ya uso, kwa ajili ya zile foronya.

Sasa fikiria kazi yangu. Duka la kinyozi ni vioo mbele na vioo nyuma. Mteja akikaa, kichwa chake na uso wangu viko pamoja kwenye kioo kimoja, na juu yetu taa nyeupe isiyosamehe kitu. Nilijifunza kunyoa bila kuinua macho juu ya masikio ya mtu. Lakini wao waliinua.

"Kinyozi, hiyo pilipili umepanda lini?"

"Mwache bwana, yuwangoja mvua avune."

"Ami Twalibu, mimi nitangoja kiti chako. Sina haraka."

Huyo wa mwisho hakuwa anatania. Walikuwa wengi waliongoja kiti cha ami huku changu kikiwa kitupu, nami nikijifanya nafagia nywele ambazo nilikuwa nimekwisha kuzifagia. Nikaanza kuvaa barakoa, zile zilizobaki tangu wakati wa korona. Ndani ya barakoa jasho likawa linachemka, na uso ukazidi. Lakini niliona afadhali uso uzidi nikiwa peke yangu nao.

Dawa za watu nilizijaribu zote. Mshubiri, manjano, dawa ya meno, ndimu, ambayo sitaki hata kuikumbuka. Mama alinisagia liwa, ule mti wa manukato, akanipaka mwenyewe, na kabla halijakauka jirani akabisha hodi. Nilikimbilia chooni nikaosha uso kwa maji ya kopo, kijana wa kiume niliyepakwa liwa kama bibi harusi, na jirani akiuliza sebuleni, "Baka yuwapi? Mbona sijamwona siku nyingi?" Mama akajibu, "Yupo. Ana kazi."

Wakati Rajabu inaingia alikuja dukani dereva mmoja wa lori anayebeba makontena pale Kipevu. Huyo hakuchagua kiti. Alikaa kwangu, akanitazama kwenye kioo, akasema kwa upole tu, "Binti yangu alikuwa hivyo hivyo. Akapigwa mwanga wa buluu kliniki, zikalala." Kisha akafumba macho nimnyoe.

Nilitaka kumwuliza kliniki gani. Nilitaka kumwuliza mwanga wa namna gani, na je, wauma? Maswali yalijaa kinywani. Nikamnyoa kichwa, nikamnyoa ndevu, nikampangusa shingo, akalipa, akaenda zake, na sikuwa nimemwuliza hata moja. Ndivyo nilivyo. Nikibanwa na haya ulimi hulala.

Nikageuka kurudisha mashine mahali pake, na macho yangu yakaangukia kile kisanduku.

Kila aliyenyolewa dukani anakijua. Ni kisanduku cha chuma chenye mlango wa kioo, ndani yake kuna taa ya buluu, na humo tunaweka vitana na mikasi ili vijidudu vife. Nikasema moyoni, kumbe. Mwanga wa buluu huu hapa. Nimeuwasha kila siku kwa mkono wangu, wala sina haja ya kumwuliza mtu.

Naomba mnisome vizuri hapa, maana kwa sababu ya hili hasa nimekubali kuandika. Taa ile si ya uso wa binadamu. Usiisogelee. Mimi niliisogelea.

Kisanduku kile ukifungua mlango taa huzimika. Kuna kijiswichi pembeni. Nikakibana kwa kijiti cha kiberiti, mlango ukawa wazi na taa ikiwaka. Ami alipoenda msikitini kuswali adhuhuri, nilifunga pazia la duka, nikapiga magoti mbele ya kisanduku, nikasogeza uso, shavu hili, kisha hili. Haikuuma kitu. Siku ya kwanza sikuona mabadiliko, nikasema ni kwa sababu nimeona woga. Nikazidisha. Adhuhuri ya mwisho kulikuwa na maiti ya kuswaliwa, ami akachelewa kurudi, nami nikakaa pale mpaka niliposikia viatu vyake nje.

Ilipofika alasiri macho yangu yalikuwa kana kwamba yametiwa mchanga. Nilikuwa namnyoa mzee mmoja na sikuweza tena kuona mwisho wa wembe. Nikauweka chini.

"Nini wewe?" ami akauliza.

"Vumbi."

Usiku sikulala. Uso uliwaka kama uliorukiwa na mafuta ya kukaangia bajia, macho yakavimba yakafunga, yakatoka maji bila kukatika. Siku zilizofuata ngozi ilibambuka vipande vipande, na palipobambuka pakageuka peusi. Chunusi zilikuwepo vile vile, sasa juu ya ngozi iliyoungua.

Ami alikuja nyumbani kunitazama. Nilikuwa nimelala, kitambaa cha maji kimefunika macho, nikamsikia akivuta stuli.

"Baka."

"Labeka, ami."

Alinitia kitu kidogo kiganjani. Nikakipapasa. Kijiti cha kiberiti.

"Hiki ni chako?"

Nilikifumba. Akasema, "Mwanangu, ile taa yaua vijidudu vya vitana. Wewe ni kitana?"

Nilicheka. Wallahi nilicheka na macho yakaniuma kwa kucheka, na kabla sijamaliza nikawa nalia.

"Si ungeniuliza?"

"Niliona haya, ami."

"Haya? Kwangu mimi niliyekuogesha mdogo?"

Hakuna siku niliyopata kujisikia mdogo kama siku ile. Yeye hakuondoka mpaka mama akaleta chai.

Ami alimngoja yule dereva arudi kunyoa, akamwuliza kwa sentensi moja lile nililoshindwa kuuliza. Ndivyo tulivyoijua kliniki hii. Mambo ya malipo sitayaandika, ila ami alisimama nami, Mungu amlipe. Daktari alinikemea kwanza, kisha akanipa dawa ya kupaka na kuniambia ningoje ngozi itulie. Shaabani yote nikangoja. Mwanga wangu wa kwanza niliupata Ramadhani imeanza.

Benchi hilo unalijua. Viti vingine vyaelekeana, lakini sisi wa uso hukaa benchi la ukutani ili tusitazamane. Siku ile ya kwanza kulikuwa na msichana wa shule aliyejifunika leso mpaka puani, na bwana mmoja wa makamo aliyeshika gazeti juu chini. Feni inazunguka, televisheni inaonyesha midomo bila sauti. Nilitamani jina langu lisiitwe kwa sauti, na Sista Kadzo akaliita kwa sauti.

Ndani aliniambia nivue barakoa. Nikaivua kama mtu anayevua shati mbele ya wageni. Nikamwuliza swali, la kwanza kumwuliza mtu kwa miezi. "Sista, mwanga wafuturisha? Nimefunga."

Akanitazama. "Mimi ni wa kanisani, lakini sijapata kuona mwanga ukimezwa." Kisha akacheka, nami nikacheka kidogo.

Nilimweleza kuhusu kile kisanduku maana daktari alikuwa ameshaandika. Hakushangaa, au alijizuia. Alisema taa zao ni mwanga wa namna nyingine kabisa, akawasha moja kwanza juu ya mkono wake mwenyewe ili nione. Akanivalisha miwani midogo myeusi inayoziba macho pande zote, akanishika kidevu kwa vidole vyake akakiinua. Pale kitandani, nikiwa sioni kitu, nikakumbuka kwamba ukimtoa mama siku ile ya liwa, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa uso kwa muda mrefu sana. Mimi ambaye hugusa nyuso za watu mchana kutwa.

Mwanga wenyewe ni kama kusimama karibu na mtu anayepika chapati, vuguvugu tu. Pembeni mwa miwani hupenya rangi kidogo, buluu, baadaye nyekundu. Nilikuwa nimekunja ngumi nikingoja mchanga uingie machoni. Haukuingia. "Ukiwashwa inua mkono," alisema. Sikuinua.

Usitazamie makubwa mapema. Mianga ya mwanzo sikuona kitu, na kwa siku kadhaa niliona zimezidi, nikataka kuacha. Ramadhani ilinisaidia. Katika sala ya tarawehe watu husimama bega kwa bega wakitazama mbele, na hakuna anayeukagua uso wa mwenziwe. Mwisho mwisho wa mwezi nikaamka asubuhi moja, shavu halikugandamana na foronya. Nikaugeuza mto upande wa pili, nikatazama. Pakavu. Nikauacha pale juu ili mama aone.

Siku ya pili ya Idi dada yangu Rukia akajifungua mtoto wa kiume, wake wa kwanza, nyumbani kwa wakwe zake Mishomoroni. Tukaenda mimi na mama. Chumba kilijaa wanawake, udi unafuka. Mama mkwe wake, Bi Zuhura, ndiye aliyepakata mtoto.

"Yuwapi mjomba mtu? Aingie amtazame mwanawe."

Nikaingia. Nikaona si adabu kumtazama mtoto na barakoa, nikaivua. Bi Zuhura akaniangalia, na mkono wake ukavuta pembe ya leso ukamfunika mtoto uso.

"La, la, la. Kaa hapo hapo mlangoni, baba. Hiyo haiambukizi?"

"Haiambukizi, mama," Rukia akasema kitandani.

"Wewe wajuaje? Umekuwa daktari? Siku ya arobaini nitaita kinyozi wa mtaa huu, mwenye uso wake safi. Mtoto mchanga hashikwi na kila mtu."

Mmoja wa wale wanawake alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani. Nilivaa barakoa. Nikatoka. Njia nzima ya kurudi Junda mama alitembea mbele yangu.

Wiki zile nyumbani hapakukalika. Rukia alipiga simu akasema, "Kama hanyoi Baka, basi mwanangu hanyolewi." Mama akamjibu, "Wewe ndiye waishi na yule mama, si sisi. Usijitie vita kwa ajili ya…" Nilikuwa chumba cha pili, nikamalizia mwenyewe lile alilolimeza. Sikumkasirikia. Nilimwonea huruma kuwa na mtoto anayemfanya achague maneno.

Mwanga uliofuata nilimwambia Sista Kadzo kuwa nitaacha. Nilimweleza yote, nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyopata kuyasikia kwangu.

"Sikukuahidi uso wa mtoto mchanga," alisema akinivalisha miwani. "Nilichokuahidi ni kuwasha taa ukija. Lakini nikuulize, yule mama alipouliza kama yaambukiza, nani alimjibu?"

"Dada."

"Aliulizwa dada?"

Taa ikawaka.

Arobaini ikafika, mwezi wa Mfungo Pili, mvua za masika zikiwa bado zinarudi rudi. Uso wangu haukuwa safi. Mafundo makubwa yalikuwa yamelala, lakini madoa yalikuwepo, na kidevuni zilibaki mbili tatu zilizo hai. Nilichukua wembe wa baba, nikautia makali mapya, nikaufunga katika kitambaa kilichopigwa pasi. Mama akaniona, akaniuliza, "Waenda nao wapi?" Nikasema, "Naenda kujibu."

Kinyozi wa Bi Zuhura alikuwa ameshafika. Amekaa sebuleni na chai na mahamri, begi lake miguuni. Nikapita, nikasimama mlango ule ule. Barakoa sikuvaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Siku ile uliuliza kama yaambukiza. Sikukujibu. Ni chunusi, mama, haziambukizi. Natibiwa kwa mwanga kliniki, tangu Ramadhani. Kama wataka kuuliza lingine niulize mimi."

Bi Zuhura akampa Rukia mtoto, akainuka, akanishika mkono kama anayemkamata mwizi, akanivuta hadi dirishani. Akafungua pazia lote.

"Inua uso."

Nikainua. Wale wanawake wote walikuwa nyuma yake. Jua la asubuhi baada ya mvua, unalijua lilivyo. Akaniangalia shavu hili, akanigeuza, akaniangalia hili. Nilitamani kufumba macho na sikufumba. Kisha akatoa kidole akakipitisha juu ya doa moja, polepole.

"Yauma?"

"Sasa si sana. Zamani yaliuma."

"Na hapa peusi?"

"Hapo nilijiunguza mwenyewe. Kwa ujinga."

Akafyonya, lakini si kwa ubaya. "Kanawe mikono." Nikaenda kunawa, nikarudi. "Kanawe tena." Nikanawa tena. Ndipo akageukia sebuleni akaita, "Wewe baba, kunywa chai yako tu. Usiache mahamri."

Rukia alimpakata mtoto, mimi nikainama. Kichwa cha mtoto wa arobaini ni chepesi na katikati chapwita, mkono unapaswa kuwa kama unapuliza. Nikalowanisha nywele, nikaanza mbele kama baba alivyonifunza. Mtoto akalala. Nilikuwa karibu kumaliza, joto la chumba limenishika, nikahisi tone la jasho likishuka shavuni kwangu. Wembe ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto, singeweza kuutoa ghafla. Tone likafika kidevuni, pale penye zile mbili tatu, likaanguka. Likaangukia utosini mwa mtoto.

Niliganda. Aibu yangu yote ya miaka ile ilirudi, ikakaa katika tone lile moja mbele ya wanawake wote, nami nikangoja ile sauti, la, la, la.

Bi Zuhura alichukua pembe ya leso yake akapangusa kichwa cha mtoto. Kisha, kwa pembe ile ile, akanipangusa mimi kidevu.

"Malizia," alisema. "Upande wa sikio bado."

Nikamalizia.

Sasa ni Mfungo Tatu na taa zangu zimekwisha, isipokuwa kurudi mara moja moja kuangaliwa. Sikudanganyi, madoa yapo. Kuna asubuhi ambazo bado nafika dukani nikaona haya kuwasha taa ya juu ya kioo. Kuna wateja ambao bado wangoja kiti cha ami. Kile kisanduku kipo, na kijiti cha kiberiti ami amekibandika kwa utepe juu yake na hataki kitolewe.

Nina ombi moja. Wewe uliyekaa hapo, niandikie. Uniambie umekaa hapo kwa ajili ya nini, ulijipaka nini usithubutu kumwambia daktari, na nani alikugusa uso mara ya mwisho. Mwandiko ukiwa mbaya kama wangu usijali, na jina si lazima. Karatasi mwachie Sista Kadzo, atanipa nikija. Mimi nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitaisoma yote, na nitakujibu.